Makande Yaliyovunja Kikao

Utani wote wa Wapare na makande nimeshausikia, mwingine nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msijisumbue. Mimi ni Mpare wa Usangi, nimepanga Tabata, Dar es Salaam, nafanya kazi mjini kati, mitaa ya Posta, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, na ndiyo, mchana nilikuwa nakula makande. Jumatatu mpaka Ijumaa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Uchochoroni kwetu sahani ya wali maharage ni 2,500, nao ni wali wa kula huku unamtazama jirani anayekula samaki. Ongeza juisi ya ukwaju, imeshafika 3,500. Kwa wiki ni 17,500. Mimi hela hiyo hainifikii hata nusu: kilo ya mahindi yaliyokobolewa, maharage nusu kilo, vitunguu, karoti, mkaa, na bado chakula cha Jumapili usiku kimo humo humo. Kazi yake ni uvumilivu tu. Unaloweka Jumamosi usiku, asubuhi unatanguliza mahindi jikoni maana hayo ndiyo yenye kiburi, maharage yanafuata baadaye, halafu unaendelea na maisha yako. Wapangaji wenzangu wanaenda kanisani wanarudi, sufuria bado inatokota.

Yakipoa nagawa kwenye makontena matano na kuyapeleka kwenye friza ya ofisini. Makontena niliyanunua Kariakoo, yale ya plastiki yenye vibanio pande zote nne. Muuzaji alijaza moja maji, akalipindua juu ya kiatu changu, halikudondosha hata tone. "Hili hata hewa haitoki, braza," akaniambia. Naomba mumkumbuke huyo kijana.

Ofisini walicheka mpaka ilipofika tarehe 20 ya mwezi, mifuko ilipoanza kutoboka. Hapo wakaanza kupita mezani kwangu na vijiko vyao, kuonja. Mama ntilie wetu ndiye aliyenuna. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba, wewe unayekula plastiki."

Ikafika Pasaka. Nilikuwa nakwenda nyumbani Usangi, kurudi Jumatatu usiku, na Jumanne kazini. Sasa hapo nitapika saa ngapi? Nikaamua kupika Jumatano usiku, Alhamisi niyaingize friza, nikirudi nikute wiki nzima imeshajipanga. Mpaka leo sioni mpango huo ulikuwa na kasoro gani.

Kasoro ilitoka kwa jirani yangu, mama mmoja wa Pangani. Alichungulia sufuria, akasikitika kama mtu aliyeona msiba. "Baba, makande hayana tui? Si utakula kokoto?" Kabla sijajibu alishakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Watu wa Tanga hawaombwi nazi, wanaileta. Akatia tui la pili, akatia na la kwanza, akaonja, akaniambia sasa ndiyo nimepika. Na kweli yalikuwa matamu. Ila kila aliyelelewa pwani anajua tui na joto havikai nyumba moja, na yeye alijua, na mimi nilikuwa na friza, kwa hiyo wote tuliridhika.

Sasa nieleze kuhusu friza. Mhasibu wetu ni mtu wa LUKU. Ofisi ikifungwa kwa sikukuu anazima kila kitu, anapita chumba hadi chumba mkono ukiwa ukutani, anabakiza soketi moja tu inayofanya kazi, ya friji. Na sisi tuna mzee mlinzi, mtu mwema sana, mpenzi wa mpira asiye na mfano, ambaye Pasaka ile alikuja lindo na televisheni yake ndogo na king'amuzi. Siku nne, mechi asubuhi, mechi mchana, mechi usiku, na soketi ni moja. Nyinyi mngefanyaje? Alichomoa friji. Jumatatu usiku mechi ya mwisho ilipoisha, kwa uaminifu wake wote, akairudisha.

Jumanne alfajiri nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara nikiwa na usingizi na mfuko wa ndizi za nyumbani. Nilipofika ofisini nikakuta dada wa mapokezi analia na barafu zake. Huyu huuza barafu za ukwaju za mifuko, 200 moja, na Alhamisi aliziacha friza zimesimama wima kama askari. Sasa zilikuwa zimelala, zimegandana, zimekuwa bapa moja lenye alama za nyavu za friza. Alimshuku mhasibu kwamba amezikalia. Mhasibu akauliza mtu anakaliaje barafu ndani ya friza. Mjadala ukaendelea hivyo, ofisi nzima ya watu waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza barafu iliyosimama inalalaje bila kuyeyuka kwanza.

Mimi nikatoa kontena langu la Jumanne. Nje lilikuwa la baridi, kifuniko kimetuna kidogo katikati. Nikajua ni barafu imekisukuma. Nikaliweka juu ya mashine ya fotokopi, mahali pake pa siku zote, maana mashine hiyo huwa haipumziki na joto lake huyeyusha vizuri hadi saa saba.

Fotokopi iko chumba cha mikutano. Ofisi ndogo, chumba cha mikutano ndicho cha fotokopi, ndicho cha chai, na ndicho alichoningojea bosi saa tano na wageni wawili wenye mzigo mkubwa wa vigae kutoka China. Nilipaswa kukaa pembeni na faili. Bosi wetu ni mama mtaratibu, haongei kwa sauti. Akawaeleza jinsi mzigo unavyokula gharama ukilala bandarini kupita muda wake, jinsi wengine wanavyozembea, na jinsi sisi tulivyo makini.

"Kwetu," akasema, "kontena lenu halitakaa likaharibika. Tunalifuatilia sisi wen—"

PAA!

Kifuniko kiligonga dari kikarudi. Vibanio viwili vilikwenda njia zake. Makande yalipanda yakakutana na pangaboi lililokuwa namba tano, na pangaboi likayagawa kwa haki bila kumruka mtu: ukutani, kwenye pazia, kwenye ramani ya bandari, kwenye miwani ya mgeni wa kwanza. Mgeni wa pili alikuwa ameshajirusha chini ya meza. Mlangoni mzee mlinzi aliingia na rungu juu.

Halafu ikaja harufu. Siwezi kuieleza bila kuwakosea heshima. Mahindi, maharage na tui, siku nne kwenye joto la masika la Dar es Salaam, ndani ya plastiki ambayo hata hewa haitoki. Vilichacha, vikazaa gesi, baridi ya usiku mmoja ikavituliza, halafu fotokopi ikaviamsha.

Mgeni wa kwanza akavua miwani, akaitoa punje ya hindi, akaiangalia. Akauliza kwa upole kabisa, "Na hilo lilikuwa kontena la nani?"

Watu wote wakanigeukia. Hakuna aliyesema neno, hata pangaboi liliendelea kunirushia langu.

Ndipo dada wa mapokezi, ambaye akili yake ilikuwa bado kwenye barafu, akapiga kelele kutoka friji: "Jamani! Humu yamo mengine manne!"

Ofisi ilitoka. Mhasibu alitangulia, na alikuwa amebeba kompyuta yake. Ikaamuliwa, bila kikao, kwamba mwenye mali abebe mali yake. Nikayashusha yale makontena ghorofa nne kwa ngazi, nimeyanyoosha mbele kama mtu anayebeba mtoto asiye wake, mzee mlinzi akinitangulia hatua kumi anapiga filimbi kusafisha njia. Wapangaji wa ghorofa ya pili waliniuliza ni nini, mzee akawajibu, "Rudini ndani."

Tuliyafungulia uani karibu na pipa la taka. Mzee alitaka kuyafungua kwa fimbo ya fagio, na moja lilimjibu, ila halikuwa na nguvu ya lile la fotokopi. Tulipokuwa tunangoja la mwisho litulie akaniambia, macho yako chini, "Mwanangu, nilichomoa kidogo tu. Ilikuwa mechi." Nikamuuliza kidogo ndiyo siku nne? Akafikiria. "Siku zenyewe zilikuwa na mechi nyingi."

Mama ntilie alikuwa ameacha wateja wake kuja kutazama. Aliziba pua kwa ukaya, akanusa tena kidogo kwa utaalamu. "Mlitia nazi," akasema. "Nani alikwambia utie nazi?"

Wageni walirudi wiki iliyofuata na vigae vyao tuliwatolea, ingawa walikataa kuingia chumba cha mikutano na mazungumzo yalifanyika kwenye korido. Dari ilipakwa rangi mara mbili. Bosi hakunigombeza hata kidogo. Mwisho wa mwezi nikafungua hati yangu ya mshahara: NSSF asilimia 10 yao, Bodi ya Mikopo asilimia 15 yao, kodi, na chini kabisa, kwa herufi za mhasibu wetu, mstari mpya ambao sijawahi kuuona kwa mfanyakazi yeyote: Makande, 60,000.