Tazama fedha kabla ya feruzi

Watu wengi wakionyeshwa bangili ya Wanavajo, kabila la Wahindi Wekundu wa kusini-magharibi mwa Marekani, husifu jiwe. Ile bluu ya feruzi inayoelekea kijani hulinasa jicho, nalo haliendi tena popote. Mimi nasema lisogee kidogo. Ufundi wenyewe umo kwenye fedha, na mafundi wa mwanzo waliifua bila jiwe lolote.

Atsidi Sani, anayetajwa kuwa mfua fedha wa kwanza wa Wanavajo, alianza kwa kujifunza uhunzi wa chuma kwa fundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga watu wake kwa miguu hadi kambi ya kizuizini ya Bosque Redondo, New Mexico, na wengi wakafia huko. Walionusurika walirejea kwao baada ya mkataba wa 1868, na katika miaka iliyofuata ufuaji wa fedha ukashamiri. Waliyeyusha sarafu, dola za Marekani na peso za Meksiko. Tupa kuukuu ilichongwa ikawa chapa ya kugongea nakshi. Feruzi ilikuja kupachikwa baadaye, kuelekea miaka ya 1880.

Chukua ushanga mmoja tu wa mkufu. Fundi hukata kiduara cha fedha, hukigonga ndani ya kalibu mpaka kibonyee kama kikombe, hukitoboa, kisha hutengeneza cha pili na kuviunganisha kwa lehemu. Mshono husuguliwa mpaka upotee. Halafu anaanza ushanga mwingine, na mkufu unazitaka nyingi! Na bado hajaigusa naja, ile hilali inayoning'inia katikati, umbo lililotoka kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini, likapita Hispania na kufika Meksiko likiwa pambo la hatamu za farasi.

Ndiyo maana bidhaa bandia zinaniudhi sana. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wahindi Wekundu ilhali sivyo. Mtu binafsi anaweza kufungwa hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza. Hata hivyo za bandia zimejaa sokoni. Nakshi ya mkono huwa na tofauti ndogondogo: chapa moja imezama zaidi, nyingine imeinama kidogo. Mimi hizo ndizo ninazozipenda. Ukinunua, uliza jina la fundi na uombe liandikwe kwenye risiti.