Mwezi mzima bila mgebuka

Kilichoniponza ni mdomo. Mchumba wangu ni wa Tanga, na kwao posa haipiti mpaka mjomba aje amtazame muoaji kwa macho yake mwenyewe. Mjomba akanipigia simu kuniarifu kwamba anakuja. Mtu mwenye akili angesema "karibu sana, mjomba" akakata. Mimi nikahutubia. Nikamwambia nimezaliwa Mwanga, hapa Kigoma, na kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji hakuna kibanda cha chakula nisichokijua. Nikamwambia huku kwetu mgebuka hanunuliwi, anaokotwa. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba akishamwonja mgebuka wa Ziwa Tanganyika hatataka tena kusikia habari za samaki wa bahari.

Simu ikanyamaza kidogo.

"Mimi nimevua tangu sijaota ndevu, mwanangu," akasema. "Haya. Nakuja nionje."

Akaja kwa treni, ile reli ya zamani ambayo kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,200. Hii ndiyo mwisho wa reli, ukishashuka hapa mbele yako kuna maji tu. Mimi nikisafiri kwa treni hiyo nashuka nikiwa na rangi ya behewa. Mjomba alishuka na kanzu nyeupe pe, mikunjo ya pasi inaonekana, utadhani behewa lao lilikuwa na dobi. Mrefu, mwembamba, kofia ya kiua imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi huyo mgebuka?"

Ratiba nilikuwa nayo kichwani. Kwanza Kibirizi, mwaloni kwenyewe, tukale mgebuka wa kuchoma. Halafu Ujiji, kahawa. Usiku turudi mahali penye mwinuko tutazame taa za wavuvi ziwani, maana usiku wa uvuvi ziwa letu linakuwa kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Nikamwambia dereva wa bajaji, kwa sauti ya mtu mwenye mji wake, "Kibirizi, tunakwenda kula mgebuka." Dereva akanitazama kwenye kioo, akafungua mdomo, akaufunga. Nauli ni nauli.

Kwa kawaida Kibirizi pua yako inafika kabla yako. Dagaa wameanikwa, moshi unapanda, kina mama wanabishana bei, boti za kwenda vijijini zinapakia watu na magodoro. Siku ile palikuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, nyavu zimetundikwa, vijana wanacheza karata. Nikamwacha mjomba kwenye bajaji, nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu.

"Shikamoo mzee. Mgebuka tunampata wapi?"

"Marahaba. Samaki hakuna, baba. Mwezi."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima," akajibu, na kidole akakielekeza juu.

Hapo nikaelewa kila kitu. Niseme ukweli, niliona nimeelewa. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kwa hiyo mtu akiniambia hakuna samaki mwezi mzima, kisha akaonyesha juu, mimi mfanyakazi wa ofisini ninayekula kwa mama kila Jumapili nilielewa jambo moja tu: amri imetoka juu.

Nikarudi kwa mjomba na uso wa msiba.

"Mjomba, pole sana. Serikali imefunga ziwa. Mwezi mzima."

Mjomba akatazama juu, akanitazama mimi, akatazama juu tena.

"Mwezi mzima," akasema polepole. "Naam. Hilo hata mimi nalijua."

Pembeni palikuwa na mama ana dagaa wakavu, wale wetu weupe, wamejaa ungo. Mjomba akawashika, akanusa, akaniuliza kama hawa nao hawaliwi. Nikamvuta mkono. Mgeni wa heshima umlishe dagaa wakavu, watu wa Tanga watasemaje? Nikamwambia hao ni wa kusafirisha tu.

Mwanga nisikucheleweshe. Vibanda vinne, majibu manne: chipsi mayai, kuku, ng'ombe, na dada mmoja aliyesema ana mgebuka mmoja kwenye friji, lakini kabaki mkia, na mkia wenyewe una mwenyewe. Mjomba alisubiri kwenye bajaji, magoti yamegusa kidevu, hasemi kitu. Ukimya wa mkwe ni ghali kuliko mahari.

Ujiji ndiko nilikopumua. Kama umefika Ujiji unajua kwamba kule hata ukikosa chakula hukosi mazungumzo. Magharibi ilikuwa imeshaingia tukakaa barazani penye kahawa, ile chungu ya vikombe vidogo, na kashata pembeni. Wazee walipoisikia tu "mashallah" ya kwanza ya mjomba walijua huyu ni wao. Kiswahili cha Tanga na cha Ujiji vikakutana pale kama ndugu waliopotezana stesheni. Dakika kumi hazijapita wanaulizana habari za nyavu, matundu, upepo. Mimi nimekaa pembeni nalipa kahawa.

Mwezi ukatoka nyuma ya vilima, mkubwa, wa njano, huku upande wa Kongo wekundu wa jua ukimalizika. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Tazama mwezi huo, mwanangu. Unauonaje?"

Nikadhani tumefika kwenye mambo ya ushairi. Watu wa Tanga wanapenda.

"Kwetu mwezi ni mzuri sana, mjomba," nikasema kwa fahari, kama niliuagiza mimi. "Mgeni yeyote akija lazima ausifie."

Mzee mmoja kahawa ilimpitia puani. Mwingine akaamka kabisa, akaenda kucheka nyuma ya nyumba. Mimi nikatabasamu, nikaona nimependwa.

Tuliporudi tulipita karibu na kumbukumbu ya Livingstone, pale kwenye miembe, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Nikashika nafasi ya kumsahaulisha njaa, nikampa historia: kwamba Stanley alitoka Bagamoyo kwa miguu, akatembea miezi kama minane akimtafuta mtu mmoja.

"Lakini alimpata," akasema mjomba.

Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo binadamu hafikiri tena. Tulipofika Mwanga mjomba akaingia msikitini kuswali isha, nami nikakimbia dukani. Nikanunua makopo mawili ya samaki, wale wa nyanya. Nikakimbia kwa mama ntilie mmoja ninayemwamini kwa ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, nikamweka makopo mezani kwa siri, kama mtu anayeuza meno ya tembo.

"Mama, naomba uwakaange hawa kwa mawese. Mawese mengi. Vitunguu vingi. Mgeni akiuliza, ni migebuka midogo."

Akanitazama sana. "Mwanangu, mgeni wako haoni?"

"Ni mtu wa pwani, mama. Migebuka haijui."

Sijui mantiki hii niliitoa wapi. Mtu amevua miaka zaidi ya arobaini, mimi namficha samaki ndani ya samaki.

Mjomba akaja, akanawa, akasoma bismillahi. Mbele yake ugali wa muhogo unang'aa, bakuli limejaa mawese mekundu kama jua la jioni, na ndani yake vipande vyangu vilivyokwisha kupasukapasuka. Akamega, akachovya, akatafuna. Akatafuna tena, kwa makini, kama hakimu.

"Mgebuka wenu laini."

"Ni maji baridi, mjomba."

"Miba yake inatafunika."

"Hiyo ndiyo sifa yake."

"Ana nyanya mpaka tumboni."

"Mama huyu ni fundi."

"Na kichwa kiko wapi?"

"Huku kwetu kichwa hatuli." Babu yangu, ambaye mgebuka humwanzia kichwani na mkia huwaachia wengine, anisamehe huko aliko.

Mjomba akafikiria hilo kidogo. Nikaona limepita. Nikaanza hata kujimegea tonge. Ndipo sauti ya mama ikatoka jikoni, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara:

"Baba we! Haya makopo yako nitupe, au unarudi nayo? Watoto wanayataka ya magari!"

Niliruka nikamnyamazishe. Goti langu likaanza na meza, meza ikaanza na bakuli, na bakuli likasafiri. Lilitua kifuani kwa mjomba, kifudifudi, likateremka nalo taratibu bila haraka yoyote.

Mawese siyo mafuta ya kupikia tu, ni rangi. Ukitia tone kwenye shati, shati hilo litazeeka na tone lake. Na hili halikuwa tone. Ziwa Tanganyika ndilo ziwa la maji baridi refu kuliko yote duniani, zaidi ya kilomita 650, jembamba, limenyooka kaskazini kwenda kusini. Doa lile lilianzia chini ya ndevu, likashuka jembamba vilevile, likapinda kidogo tumboni panapopinda ziwa lenyewe, likaishia magotini. Kitunguu kimoja kilibaki kifuani upande wetu. Ukitaka kukiita Kigoma, sikuzuii.

Watoto wakaja mbio na makopo wamuoneshe mgeni magari yatakavyokuwa. Mjomba akachukua moja, akalisogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee, akasoma kwa sauti.

"Samaki wa baharini."

Kibanda kizima kikanyamaza. Hata redio nadhani ilipunguza.

"Nimetoka baharini," akasema, "nikapanda basi, nikapanda treni, nimelala njiani, nimekuja mwisho wa reli, nikale samaki wa baharini. Tena amefungwa koponi." Akaliweka chini kopo. "Mwanangu, unajua kwa nini leo hakuna mgebuka?"

"Serikali, mjomba…"

"Serikali imekukosea nini wewe?"

Akanishika mkono akanitoa nje. Akakishika kidevu changu kwa vidole viwili vyenye mawese, akakiinua juu.

"Soma."

Mwezi. Umekaa juu ya vilima, mzima, hauna hata pembe iliyolika.

"Huo ndio mwezi mzima wako. Wavuvi wenu wanavua kwa taa, kama sisi kwetu. Usiku wa giza unawasha taa, dagaa wanaijia, na mgebuka anawafuata dagaa. Mwezi ukiwa hivi, ziwa zima lina taa. Dagaa aje kwako kufuata nini? Ametawanyika, na mgebuka katawanyika naye. Mvuvi anakaa nchi kavu siku kadhaa, anashona nyavu, anacheza karata. Jana usiku tumeiacha Tabora, nimeuona dirishani. Nikasema moyoni, huyu kijana aliyezaliwa ziwani atapiga simu sasa hivi, aniambie mjomba umekuja wakati mbaya. Nikashika simu mkononi mpaka nikalala."

"Kwa hiyo ulijua? Tangu stesheni?"

"Nilitaka nione utafika wapi. Sikujua utafika dukani."

Mama ntilie naye akatoka, mikono kiunoni. "Mimi nilidhani unajua na unafanya makusudi. Si umezaliwa hapahapa Mwanga?"

Ndani ya sufuria yake, muda wote ule, kulikuwa na dagaa wakavu. Akawakaanga kwa mawese yaliyosalia, pilipili, kitunguu, sombe pembeni. Mjomba akala sahani mbili na kanzu yake ya ramani, akamuuliza mama anavyouondoa mchanga, akaomba afungiwe kilo mbili za kwenda nazo Tanga. Mimi niliambiwa nimalizie wa kopo.

Kanzu tuliifua usiku uleule. Maji ya moto, ndimu, jua la kesho yake. Sabuni nayo ilikuwa ile ya mche inayotengenezwa hapahapa, kwa mawese, kwa hiyo nilikuwa nakishitaki kidonda kwa ndugu wa kidonda. Doa lilipungua upana tu, likazidi kufanana na ziwa. Ijumaa mjomba akaazima kanzu yangu, iliyomfika katikati ya miundi, akaenda kuswali Ujiji kwa rafiki zake wapya. Wamenisimulia kwamba walimkaribisha kwa kumuuliza kama serikali imeshalifungua ziwa.

Sikutegemea kusikia tena habari za watu wa Tanga. Lakini baada ya wiki mbili barua ya mahari ikaja. Mkaja wa mama, upo. Kilemba cha mjomba, kipo. Dagaa wa Kigoma wakavu, gunia moja. Kanzu nyeupe, moja, ndefu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mjomba mwenyewe: siku ya kuleta posa achague bwana harusi, ila kabla ya kuchagua atoke nje usiku atazame juu.