Mgeni Rasmi na Mtu wa Deki

Shule yetu iko wilayani Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, na mtandao unakamata vizuri zaidi ukisimama chini ya mwembe wa jikoni. Hilo halikumzuia Mkuu wetu kutafuta urafiki na shule ya sekondari ya mjini Hull, kaskazini mwa Uingereza.

Zamani urafiki wa shule ulikuwa wa barua. Unamwuliza mwenzako anapenda mchezo gani, jibu linakuja wewe mwenyewe umeshahamia mchezo mwingine. Baadaye zikaja programu kama Connecting Classrooms ya British Council, walimu wakawa wanapanda ndege kutembeleana. Sisi walimu wa baada ya korona tumeangukia kwenye skrini. Ndege hakuna, posho hakuna. Kuna bando, nalo ni la simu yangu.

Niseme ukweli, watoto walipoachwa peke yao kazi ilikwenda. Wa kwao waliandika habari za mto Humber, wa kwetu mto Pangani. Wakatumiana picha za taka za plastiki, wakabishana nani mchafu zaidi. Binti mmoja wa kidato cha pili aliwaeleza kwamba sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na wao je? Wale wa Hull wakakaa kimya siku kadhaa. Mambo yalikuwa matamu. Yaliharibika pale watu wazima tulipoamua kwamba ushirikiano ambao ulishaanza sasa unahitaji kuzinduliwa.

Uzinduzi una mambo yake. Lazima awepo mgeni rasmi, kwa hiyo akaalikwa ofisa elimu. Lazima iwepo kwaya, risala, maji ya chupa na kitambaa cha meza. Siku ikapangwa Jumanne ya wiki ya mwisho ya Machi. Hull walisema watakusanya wanafunzi ukumbini saa tatu asubuhi kwa saa za kwao, na mwalimu wetu wa Jiografia akasimama kwenye kikao na chaki mkononi.

"Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa," alianza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Afrika Mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Kwao saa tatu asubuhi, kwetu saa sita mchana. Na mstari wa longitudo sifuri unapita mashariki kidogo tu ya Hull. Hao ni majirani wa mstari wenyewe. Hakuna namna ya kukosea."

Kikao kikapiga makofi.

Siku yenyewe masika yalikuwa yamechachamaa. Saa nne na nusu niliweka kompyuta juu ya meza ukumbini, ikielekea jukwaani, nikafungua mkutano kujaribu kama utashika. Ukashika. Sikutaka kuufunga, maana kuushika tena ingekuwa kudra za Mungu. Nikazima maikrofoni, kwa kuwa spika tulizokodi zilikuwa zinapiga yowe kila zikisikia sauti, nikainamisha kioo kidogo, kisha nikashika bodaboda kufuata projekta tuliyoazima shule ya jirani. Nikamwacha Mkuu ukumbini akifanya mazoezi ya hotuba, na Mama Mpishi aliyehamishia kazi yake mle kwa sababu paa la jiko linavuja.

Narudi, projekta iko kifuani ndani ya mfuko wa sandarusi, saa sita kasoro dakika kumi. Mkuu ameshavaa suti. Mgeni rasmi ameshaketi. Kwaya imeshapangwa kwa urefu. Tukaunganisha nyaya, nikawasha maikrofoni, ukuta ukawaka, na Hull ikatokea mbele yetu, pana na safi.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vimebebanishwa pembeni. Katikati alikuwepo mzee mmoja mwenye ovaroli la buluu, anapiga deki.

"Huyo ndiye mkuu wao?" mgeni rasmi aliuliza taratibu.

Mkuu wetu ana sifa moja: hakubali ratiba ivurugike. Alitazama saa, ilikuwa saa sita kamili, akampa ishara mshereheshaji. Kwaya ikaanza. Yule mzee alishtuka, akatafuta sauti inatoka wapi, akaiona skrini yao. Akasimama akiegemea mpini wa deki na kusikiliza beti zote nne kwa heshima ambayo sijaiona kwenye mahafali yetu wenyewe. Zilipokwisha alipiga makofi. Ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja, "Shikamooo!"

"Jambo sana!" akajibu. "Munatoka Tanzania?"

Ofisa elimu karibu adondoshe chupa ya maji. Mkuu, ambaye alikuwa amekariri kurasa tatu za Kiingereza, alibaki mdomo wazi kama aliyepelekwa kituo kisicho chake.

Kumbe mzee ni Mkongo wa Uvira. Hull imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na yeye ni mmoja wao, ana miaka mingi pale. Akatueleza: "Batoto balishaenda ku masomo. Baliwaona, balicheka sana, balipiga na makofi. Miye niko napanguza tu."

"Walituona saa ngapi?" mwalimu wa Jiografia akadakia.

"Saa tatu, vile balisema."

"Saa tatu ya huko ndiyo sasa hivi!"

Mzee akacheka, akatuonyesha saa ya ukutani nyuma yake. Ilikuwa saa nne na dakika kadhaa. Akafafanua kwamba Jumapili iliyopita nchi nzima imesogeza saa mbele, kama kila Jumapili ya mwisho ya Machi, na watazirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Mwalimu wa Jiografia aliketi chini. "Jua halikusogea," alisema, hakuwa akimwambia yeyote. Mwalimu wa Historia, ambaye wana kesi ya muda mrefu kuhusu vipindi vya Ijumaa, hakuiacha nafasi hiyo ipite. Akainuka kueleza kwamba Waingereza wanasogeza saa tangu Mei 1916, na Juni ya mwaka huohuo majeshi yao yaliingia hapahapa Korogwe kuwafukuza Wajerumani. "Karibu mwezi mzima walikuwa wameshaanza mchezo huo," akasema, "na hawakumwambia mtu."

Mgeni rasmi ndiye aliyetuokoa. Aliwahi kufanya kazi Kigoma, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akamwuliza mzee kama Hull dagaa wa Tanganyika wanapatikana. Mzee akasema ndagala wa kukaushwa anawapata, ila bei yake inaliza. Wakaenda hivyo: baridi, kodi ya nyumba, samaki wa bahari ya kule ambao kwa maoni ya mzee hawana ladha. Risala ilisomwa kwake. Zawadi ya kikapu cha mkonge alionyeshwa yeye, akaomba kigeuzwe aone kitako kilivyosukwa. Nikiulizwa, huo ulikuwa uzinduzi bora kuliko wowote niliowahi kukalia, na uliisha kwa sababu bando langu liliisha.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Mkuu. Tangu mzee aseme "baliwaona" alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ikamfikisha saa tano. Alinivuta kando.

"Mwalimu, kompyuta ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi, Mkuu."

"Hata projekta ikiwa haijafika?"

"Kamera haitegemei projekta, Mkuu."

"Sasa picha ilikuwa inatokea wapi?"

"Hull, Mkuu."

Barua pepe iliingia jioni, kutoka kwa mwalimu wao wa sanaa za maonyesho, na picha sita. Wanafunzi wote walikuwepo ukumbini. Waliona mwanamume mwenye singileti, suruali imekunjwa hadi magotini kwa ajili ya tope, akimwendea mwanamke aliyeketi peke yake na kumsihi kwa mikono miwili. Sauti haikuwepo, nao wakaamini imeondolewa makusudi, kwa ufundi. Mwanamke hajibu. Anainama, anafuta macho kwa kanga, machozi yanamtoka ya kweli. Mwanamume anapiga magoti. Hapo, mwalimu aliandika, ukumbi ulitulia kabisa.

Mkuu alikuwa anatafuta ukurasa wa pili ulioingia chini ya benchi. Mama Mpishi alikuwa anamenya vitunguu vya pilau, na alikuwa ameombwa akae pale ajifanye mkuu wa shule ya Hull.

Wakasema hawajawahi kuona igizo bubu la kusamehewa kwenye ndoa lililowagusa namna ile. Wakauliza limetungwa na nani. Wakaomba waletewe mpangilio wake ili wanafunzi wao waliigize mwisho wa muhula.

Nilidhani Mkuu atakana. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Habari ilishafika jikoni, na Mama Mpishi alituma mtoto aje kuuliza: huyo Mzungu atakayemwigiza yeye, vitunguu atapewa au atalia bure?

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili," Mkuu aliniambia hatimaye. "Liandike."

"Niandike nini, Mkuu? Hakukuwa na igizo."

"Andika yale waliyoyaona." Alifika mlangoni, akageuka. "Ila atakayeniigiza mimi, weka wazi kabisa, avae shati."