Kitanda Hakilii

Mpwa wangu ndiye aliyeanza. Alikuja karakana kwangu hapa Keko na video ya simu ya mwaka sijui upi: kioo kitupu, hakina kitufe wala mgongo. Unakishika katikati yenu wawili, wewe unasema lugha yako, mwenzio anasikia yake. Nikaitazama kwa jicho la ufundi. Kioo namna ile, bila hata fremu, kikidondoka kwenye sakafu yangu kitabaki nini?

"Mjomba, hii bado haijatengenezwa," akasema. "Wameichora tu kwenye kompyuta. Lakini kazi yenyewe hata simu yako inaweza."

Akanipa na historia: Google wanatafsiri Kiswahili tangu 2009, mwaka 2010 ikatoka programu inaitwa Word Lens, unaelekeza kamera kwenye kibao cha Kihispania unakisoma kwa Kiingereza, mpaka Google wakaja kuinunua 2014. Mimi naendelea kupiga msasa. Akaniwekea programu nyingine kabisa, ambayo jina lake nalihifadhi.

Haikupita wiki akaingia bosi wa Kichina, msimamizi wa kambi ya mafundi wa barabara. Anataka vitanda sita vya dabo deka. Nikaiweka simu juu ya benchi, kati ya randa na kopo la gundi, nikaanza kumwaga sifa.

"Bosi, hii ni mninga. Kitanda hiki hakilii, hata walale watu wawili wazito."

Simu ikatema Kichina. Yule bwana akainama, akakipapasa kitanda mguuni, taratibu, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Kisha akasema kitu, na simu ikanigeuzia kwa sauti ya dada wa taarifa ya habari: "Kwa nini kitanda kina huzuni?"

Tukaingia kwenye bei. Akataja yake, nikashika kichwa. "Hapo unaniua, bosi! Unanichinja kabisa!"

Akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu. "Mimi sitaki kuua mtu," ikasema simu. "Mimi nina mke na mtoto." Sina haja ya kuwaficha, bei niliyoipata siku ile niliipata kwa woga wake, wala si kwa ufundi wangu.

Katikati ya mazungumzo kijana wangu akawasha mashine ya kuranda. Sasa hii programu ndivyo ilivyo: inasikia, inaandika ilichosikia, inageuza, inasoma. Ukiilisha mngurumo, nao itaufanyia kazi. Ikausikiliza wote mpaka mwisho, ikamtafsiria. Yule bwana akafikiri kidogo, akakubali kwa kichwa. Mpaka leo sijui tuliahidiana nini.

Mwisho nikamwambia, "Njoo Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, uchukue mzigo." Tukapeana mikono.

Alhamisi hiyo, giza bado totoro, simu inaita. Babu mlinzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fundi, njoo. Nimekamata wezi."

Saa kumi na dakika kumi alfajiri. Nikadandia bodaboda kutoka Mtoni kwa Azizi Ali, roho juu njia nzima, navihesabu vitanda kichwani kimoja kimoja.

Kilichotokea nilisimuliwa na babu mwenyewe. Gari limesimama, taa zimezimwa, wameshuka wanaume watatu. Mmoja akanyoosha simu gizani, na simu ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula: "Habari za asubuhi. Tumekuja kuchukua mali yote. Tafadhali fungua mlango."

Yaani siku hiyo ndiyo haikukosea hata neno moja.

"Miaka yote niliyolinda," babu akaniambia, "mwizi wa kusema tafadhali sijapata kumwona." Alipuliza filimbi, walinzi wa karakana za jirani wakaja, na nilipofika nikawakuta watu wangu wameketi kwenye rundo la mbao, rungu la babu likiwaangalia, ingawa muuza kahawa alikuwa ameshawamiminia kikombe kikombe. Bosi akanionyesha kioo cha simu yake: 4:00. Hapo ndipo nikaelewa. Saa nne yangu jua limeshapanda, watu wamekunywa chai. Simu ikampa saa nne ya kwao, ya majogoo.

Na vitanda vyenyewe? Viwili tu ndivyo vilivyokuwa tayari; vinne havijaonja vanishi. Hata hiyo saa nne yangu isingevikuta vimekwisha. Fundi akisema Alhamisi, wateja wangu Waswahili wanajitafsiria wenyewe.

Nikataka nimwombe radhi, bando likakata. Nikachukua chaki, nikamwonyesha vidole viwili, yaani siku mbili, halafu nikaandika kwenye kipande cha plaiwudi: 10:00. Saa za kwao, makusudi, asije akahangaika tena. Akakipiga picha.

Jumamosi saa tatu nilikuwa tayari. Vitanda vinang'aa, kirikuu ya kubebea imeegeshwa mlangoni. Saa nne, hola. Saa sita, hola. Dereva wa kirikuu akaanza kudai hela ya kusubiri, na saa tisa akawasha akaondoka zake.

Saa kumi kamili jioni gari la bosi likaingia. Ameshuka anacheka, simu ameiacha mfukoni. Kumbe dereva wake alitumia zile siku mbili kumfundisha saa za Waswahili. Akanyoosha kidole kwenye plaiwudi yangu, akanionyesha jua lilipofika, kisha akatamka kwa mdomo wake mwenyewe, kifua mbele:

"Saa... kumi!"

"Saa kumi, bosi," nikamjibu, nikatoka kwenda kutafuta kirikuu nyingine.