Jina la Castrillo lisihukumiwe kwa sauti yake pekee

Makala ninayoyajibu hapa yanadokeza kwamba jina la zamani la kijiji cha Castrillo Matajudíos, mkoani Burgos nchini Hispania, linathibitisha kuwa wenyeji wake walijivunia kuwaua Wayahudi, lakini historia ya mahali hapo inaonyesha kinyume chake kabisa. Kijiji hicho kilianza kukaliwa na Wayahudi wenyewe, walionusurika mauaji ya mwaka 1035 katika mji jirani wa Castrojeriz na kuhamia huko, na jina lake la awali lilikuwa Mota de Judíos, yaani kilima cha Wayahudi. Castrillo nalo ni ngome ndogo, kwa asili ya Kilatini.

Umbo la Matajudíos, ambalo kwa msomaji wa leo ni “muua Wayahudi”, linaonekana katika hati za karne ya 17, zaidi ya miaka 100 baada ya amri ya mwaka 1492 iliyowafukuza Wayahudi Hispania. Iwe lilibadilishwa kwa makusudi au kwa kosa la mwandishi wa hati, jina hilo liliwafuta waanzilishi wa kijiji, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi.

Wanakijiji walipopiga kura mwaka 2014, 29 waliunga mkono jina la Mota de Judíos lirejeshwe na 19 wakapinga, kisha mwaka 2015 mabadiliko hayo yakawa rasmi. Naomba mhariri wa makala hayo aongeze maelezo haya, kwa sababu bila hayo wazao wa waathiriwa na wanakijiji wa leo wote wanadhulumiwa.