Kamera za kutega msituni: vijana wajitolee, ila kijiji kiulizwe kwanza

Wapo wanaosema vijana wa vijiji vilouzunguka msitu wa Jozani hapa Unguja wapewe kamera za kutega, zile zinazofungwa mtini zikajipiga zenyewe kitu kikipita, wajitolee kufuatilia wanyama, na wapo wanaosema basi ndo tunaanza kuchunguzwa hata tukenda kuchanja kuni. Mie naunga mkono kamera, tena kwa nguvu, lakini hawa wa pili hoja yao ni nzito kuliko inavochukuliwa.

Faida kwanza mana zipo. Wanyama wetu wengi wanatoka usiku na wanaogopa watu, ukipita mchana utaona kima punju tu, wale kima wekundu, kwa vile hao washatuzoea, paa nunga, yule paa mdogo mwekundu, ukimuona umebahatika. Na huyu paa nunga hana kwingi kwa kwenda, yupo hapa Unguja na misitu ya pwani ya Kenya, na huko Kenya, Boni na Dodori, ni kamera hizi hizi zilizoonesha wapo wengi kuliko watu walivodhania. Hapa kwetu mwaka 2003 kamera zilizotegwa Jozani zilimpata kanu wa Unguja (mnyama mdogo mfano wa paka) akiwa hai anatembea zake, mnyama ambae wataalamu walikuwa wamemuandika kwa mara ya kwanza miaka ya 1990 tu hapo. Hata kima punju, walipohesabiwa upya walitoka zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivokuwa inasemwa, ile hesabu ilikuwa ya watu kutembea kwa miguu si ya kamera lakini uone tulivokuwa tunakisia.

Na kwa nini wajitolee vijana wa pale pale? Kwa sababu kazi yenyewe haitaki digrii, inataka mtu anaejua njia. Kamera inafungwa mtini usawa wa goti mana paa ni mfupi, ukiifunga juu utapata picha za matawi. Mbele yake lazima ufyeke, la sivo kaskazi ikivuma kila jani linaloyumba juani linaiwasha kamera, ukija kufungua memori kadi imejaa picha hazina kitu na betri zimekwisha. Halafu kuna kuzisoma. Picha ya usiku haina rangi, ule wekundu wa paa nunga huuoni, kwa hivo unatafuta mstari mweupe unaokata mapajani kwa nyuma na madoa meupe miguuni, ukikosa vyote huyo ni paa wa kawaida. Mtu anajifunza. Serengeti walitega kamera 225, picha zikawekwa kwenye intaneti, watu wa kawaida kama elfu 28 wakazisoma, kila picha inapitiwa na watu kadhaa, na walipolinganishwa na wataalamu walipatia mnyama kwa asilimia 97 hivi. Watu wa kawaida hao, wengi hata Serengeti hawajafika.

Ila kamera nayo ina mwisho wake. Picha kumi za paa zinaweza kuwa za paa mmoja anaepita hapo kila siku, na popo wakubwa wa Pemba, wale wa Ngezi na Kidike, huwapati kwa kamera ya kufungwa mtini, wale wanataka mtu akae chini ahesabu kwa macho.

Sasa upande wa pili. Misitu yetu haina wanyama peke yao. Kina mama wanaingia kuchanja kuni, watu wanachimba dawa, wapo wanaokata miti bila ruhusa na wapo wanaosaka na mbwa. Mwanamke akiwa peke yake kule joto limemshika anavua mtandio, akibanwa na haja anajisitiri nyuma ya mti, kumbe mti wa mbele yake una kamera! Na hili si la kubuni, India kwenye mbuga ya Corbett utafiti uliotoka 2024 ulieleza picha ya mwanamke anajisaidia msituni ilivosambaa kwenye simu za watu, na kina mama wengine wakaacha kuimba na kuongea kwa sauti wakiwa msituni kwa kujua wanaangaliwa, wakati sauti hizo ndo zilokuwa zinawakinga na wanyama wakali. Kwetu chui milia hamna lakini stara ni ile ile, na mtu akishavunjiwa stara kufuta picha hakumrudishii.

Kwa hivo kamera isifungwe mpaka sheha na kamati ya msitu wakae na watu, na kina mama wawemo wanaongea si kuitwa kusaini, waseme wenyewe njia zao za kuni ni zipi na huko isitegwe kitu. Picha yoyote yenye mtu ifutwe na mtu mmoja alokubaliwa na kijiji, kabla kadi haijapita mkononi mwa mwengine.

Jengine ni huko kujitolea kwenyewe. Mgeni anatoka Ulaya kwa fedha zake anakaa wiki mbili anarudi kwao na picha nzuri, kijana wa Pete au Charawe, vijiji vya hapo Jozani, anaambiwa ajitolee vile vile, na yeye shamba lake linamngoja. Nauli na chakula cha mchana si mshahara, apewe, na jina lake liwemo kwenye ripoti. Na atafutiwe suala la maana la kujibu. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitangaza kamera yao imempata chui wa Unguja, aliedhaniwa kishatoweka, dunia nzima ikashtuka, mpaka leo wataalamu hawajakubali kuwa ndie, na nnachohofia ni kamera zote kumkimbilia chui huku paa nunga tulienae kweli hana anaemuhesabu.

Linalonipa tabu zaidi ni msasi. Kamera ikimpiga na nyavu zake na mbwa, picha iende polisi au ifutwe kama ya yule mama? Wapo wanaosema mwizi ni mwizi, na paa nunga hawezi kungoja, na mie hapo nakaribia kuwakubalia. Lakini kijana alojitolea anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa huyo msasi, wanasali msikiti mmoja, ukimfanya yeye ndo mpeleka picha umemuweka pabaya na haipiti miezi miwili kamera zote zitakuwa zishavunjwa. Ulinzi ni kazi ya askari wa misitu wenye mshahara na sare, kama wanataka kamera watege zao na wawatangazie watu kuwa zipo, na zile za vijana zibaki kuhesabu wanyama tu.