Mwanamke wa Mlango wa Kushoto

Gari langu lilikuja kutoka Japani na redio yake, na redio hizo nyingi zinaishia 90 FM. Vituo vingi vya Dar viko juu ya hapo. Fundi akaniambia atanifungia kifaa cha kushusha masafa, bei poa. Mimi mjuaji nikachukua Raspberry Pi iliyokuwa imelala kabatini, ile kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, nikaijaza taarabu na zilipendwa, sauti nikaipitisha AUX, umeme ukatoka kwenye tundu la kiberiti.

Kioo haina, utajuaje imeamka? Nikaiagiza ikiwaka tu icheze zile sauti za kupimia spika zinazokuja na Linux, mfumo unaoiendesha. Mwanamke wa Kizungu anatamka "Front left" spika ya kushoto, kisha "Front right" ya kulia. Nikimsikia, najua Bi Kidude yuko njiani.

Basi nikaenda stendi ya Mbezi kumpokea mama mkwe. Mama ni mwalimu mstaafu, Kiingereza chake cha enzi zile, kila herufi inasikika. Akakaa mbele, mkoba magotini. Shikamoo zikaisha, nikawasha gari. Kimya kidogo, halafu mlangoni, usawa wa goti lake:

"Front left!"

Mama akavuta mguu. "Nani huyo?"

"Ni mashine tu, mama."

"Mashine imejuaje nimekaa mbele kushoto?"

Kumweleza mama mkwe habari za spika huku unakwepa bodaboda si kazi ndogo. Nikasema ni majaribio. Akaitikia "Haya", ile haya ya mwalimu aliyeambiwa mbwa amekula daftari.

Kimara foleni ikakaza. Nikazima gari kuokoa mafuta. Sasa, Pi yangu haina swichi, na starter ikivuta, tundu la kiberiti linakatika umeme. Kompyuta inakufa ghafla, inafufuka, inaanza upya. Kwa hiyo kila foleni iliposogea nikawasha, Bi Kidude alikatwa katikati ya neno na yule mwanamke akarudi.

"Front left!"

"Abee," mama akaitika safari hii, kwa hasira. Kisha akanigeukia. "Baba, huyu ananiita au ananifukuza? Hiki kiti ni cha nani?"

Nilikosa jibu. Tulipofika Ubungo alishahamia kiti cha nyuma, mwenyewe, bila kuombwa.

Nyumbani hata maji hajanywa, akamwambia mwanawe: "Mumeo ana mwanamke kwenye gari. Kiingereza safi, adabu hana. Hasalimii, anataja viti tu."

Mke wangu akanitazama, nami nikacheka kwa kujiamini. Twendeni nje mkamsikie! Jirani naye akasogea. Nikageuza ufunguo. Taa nyekundu ya Pi ikawaka. Ya kijani, inayopepesa kompyuta ikisoma memori kadi, ikatulia tuli. Kule kukatiwa umeme njia nzima kulikuwa kumeiua kadi, pamoja na taarabu zote na shahidi wangu pekee. Nikazima, nikawasha. Nikaipulizia kadi. Nikaipangusa kwenye shati. Spika kimya.

Mama akakunja mikono, akamwinamia binti yake.

"Unaona? Mwenye mume akiwepo, hasemi."